Mti Hupandishaje Maji, na Hustahimilije Kiangazi?

Wanafunzi, walimu wenzangu, na ninyi wazazi mnaolisoma gazeti letu kila muhula,

Sisi tunaokaa Dodoma twalijua jua. Mvua yetu ya mwaka mzima ni kiasi cha milimita 570, na karibu yote hunyesha kati ya Desemba na Aprili. Kuanzia Mei mpaka Novemba ardhi hukauka, nyasi hugeuka rangi ya mchanga, na upepo huingiza vumbi hata madarasani. Lakini tazameni nje ya dirisha katika mwezi wa Septemba. Mgunga una majani. Mbuyu umesimama, ijapokuwa uchi. Mnyaa wa uani ni wa kijani kama ulivyokuwa Machi. Hapana mtu aliyeimwagilia miti hiyo hata kikombe kimoja. Na hapo hapo kando yake, miche tuliyoipanda kwa mikono yetu wakati wa mvua, tukaimwagilia jioni baada ya jioni, inakufa mmoja mmoja.

Mtu akitaka kujua sababu, haitoshi kumwambia kwamba mti huu ni mgumu na ule ni laini. Hilo si jibu. Ni kulirudia swali kwa maneno mengine. Yapasa tujue kwanza maji hupandaje ndani ya mti, na nguvu ya kuyapandisha hutoka wapi. Tukilijua hilo tutajua pia kiu huuaje mti, na ndipo tutakapojua la kufanya na debe moja la maji tulilo nalo.

NJIA YA MAJI NA NJIA YA CHAKULA

Maji huingia mtini kwa mizizi, lakini si kwa mizizi minene tunayoiona ikitambaa juu ya ardhi. Kazi ya mizizi minene ni kuushika mti na kupitisha maji. Inayokunywa ni ile midogo sana iliyo mwishoni, yenye vinyweleo vyembamba mno. Ndiyo maana mtu anayeng'oa mche kwa kuuvuta, hata akiona kuwa mizizi imetoka nao, ameukata mdomo.

Kutoka mizizini maji hupanda ndani ya ubao wenyewe, katika mirija iitwayo zailemu. Ajabu ya mirija hii ni kwamba hufanya kazi ikiwa imekwisha kufa. Seli zilizoijenga zilikuwa hai. Zikarefuka, zikaweka kuta imara, kisha zikafa na kuacha tundu tupu. Aghalabu tundu hilo ni jembamba kama unywele, na katika miti mingi ni jembamba zaidi.

Njia ya pili huitwa floemu, nayo imo katika ganda la ndani. Hii ni hai. Kazi yake ni kuchukua sukari iliyotengenezwa majanini na kuipeleka mizizini na kila mahali penye haja. Basi, mwanafunzi, shika maneno haya: maji hupanda kwa ubao, chakula hushuka kwa ganda.

Ukiyashika hayo utaweza kufumbua jambo linalowashangaza wengi. Kuna mibuyu ambayo ndani ina pango kubwa, hata watu kadhaa waweza kuingia, lakini kila mwaka huchipua na kuzaa. Tena kuna mgunga mzima, usio na tundu lolote, ambao mtu ameuchuna ganda kwa kuuzunguka pande zote, nao hufa. Sababu ni nini? Ubao wa katikati ya mti mkubwa ni mzee. Maji hupita katika ubao mpya ulio karibu na ganda. Ukiondoka wa katikati, njia ya maji ingalipo. Lakini ganda likikatwa kwa mzunguko, chakula hakiwezi kushuka. Kwa muda majani hubaki mabichi, na mchunaji husema, "Tazama, haukufa." Kumbe maji yangali yakipanda, na huku chini mizizi inakufa njaa. Mizizi ikifa, maji nayo hukoma.

Jambo hili lilichunguzwa zamani. Katika karne ya 17 Mwitalia Marcello Malpighi alichuna ganda la miti kwa mzunguko, akaona kuwa sehemu iliyo juu ya kovu huvimba, kwa kuwa chakula kilichokuwa kikishuka kimezuiwa hapo. Mbuyu una nafuu kuliko miti mingi, maana waweza kuotesha ganda jipya mahali palipochunwa. Mtu asijifunze kwa mbuyu akaenda kuufanyia mgunga.

NGUVU HUTOKA WAPI?

Siku moja mzazi mmoja alisimama nami karibu na kisima cha shule, akasema, "Mwalimu, maji haya yanapandishwa na mashine, na mashine inakula umeme. Huo mbuyu mashine yake iko wapi?"

Nikamjibu, "Mzee, umeuliza swali lililowasumbua wataalamu kwa zaidi ya miaka mia na hamsini."

Naam, tulitafakari swali hilo. Watu wamepata kutoa majibu matatu, na kila moja lina ukweli kidogo, lakini halitoshi.

Jibu la kwanza ni kwamba mizizi huyasukuma maji juu. Kweli, mizizi ya mimea mingi husukuma kidogo, hasa usiku ardhi ikiwa na maji. Matone tuyaonayo asubuhi kwenye ncha za majani ya mahindi mara nyingine hutoka ndani ya mmea wenyewe kwa msukumo huo. Lakini nguvu hiyo haifiki mbali, na wakati wa kiangazi, mti unapohitaji msaada zaidi, ndipo inapokosekana.

Jibu la pili ni kwamba maji hupanda yenyewe katika mrija mwembamba, kama mafuta yapandavyo katika utambi wa kibatari. Hilo nalo ni kweli. Lakini mrija wenye upana wa sehemu moja ya kumi ya milimita huweza kupandisha maji sentimita 30 tu hivi. Huo si urefu hata wa mche wa mpapai.

Jibu la tatu ni kwamba mti hunyonya kama mtu anyonyaye soda kwa mrija. Hapa kuna mpaka usiovukika. Anyonyaye hayavuti maji. Huondoa hewa iliyo juu, na hewa ya nje ndiyo inayoyasukuma maji yapande. Hewa hiyo haiwezi kuyasukuma kupita mita 10 hivi, na hapa kwetu, tulio zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, haifiki hata 10. Ndiyo maana katika kisima kirefu pampu huteremshwa chini kabisa ili isukume, wala haiwekwi juu ivute.

Sasa pigeni hesabu. Mwaka 2016 ilitangazwa habari ya mti uliopimwa katika bonde moja la mlima Kilimanjaro. Jina lake la kitaalamu ni Entandrophragma excelsum, nao ni wa ukoo mmoja na mwarobaini na mkangazi. Urefu wake ulikuwa mita 81.5, na ndio mrefu kuliko miti yote ya asili iliyopimwa Afrika mpaka wakati huo. Kule California, Marekani, kuna mti unaozidi mita 115. Miti hiyo hufikisha maji kileleni, bila mashine na bila kelele.

Kasisi mmoja Mwingereza, Stephen Hales, alikaribia jibu mapema. Alipanda alizeti katika chungu, akaipima kwa mizani asubuhi na jioni siku nyingi, akaona kuwa mmea hupoteza maji mengi sana kupitia majani yake. Vipimo vyake vilichapishwa mwaka 1727. Kisha, mwanzoni mwa miaka ya 1890, Eduard Strasburger aliyekuwa akifundisha Bonn, Ujerumani, alikata miti mirefu, mmoja wao ukizidi mita 20, akaisimamisha ndani ya maji yenye sumu. Sumu iliua kila seli hai njiani, walakini maji yaliendelea kupanda mpaka yakafika majanini. Majani yalipokufa, kupanda kukakoma. Basi shina halikuwa likisukuma kitu. Nguvu ilikuwa juu.

Mwaka 1894 wataalamu wawili wa Dublin, nchini Ireland, Henry Dixon na John Joly, walitoa maelezo ambayo mpaka leo ndiyo tunayoyafundisha. Nitayaeleza kwa mfano wa kisima.

Mtu achotaye maji kisimani hasimami chini akasukuma ndoo. Husimama juu akavuta kamba. Mti nao hufanya hivyo, ila kamba yake ni maji yenyewe. Chembe za maji hushikana kwa nguvu kubwa sana, tena hushika kuta za mirija. Kutoka mizizini mpaka jani la mwisho kuna kamba moja ya maji isiyokatika. Jua likipiga jani, maji yaliyo juu ya kuta za seli hugeuka mvuke na kutoka nje kwa matundu madogo yaitwayo stomata. Kila chembe inayotoka huivuta iliyo nyuma yake, nayo huivuta ya tatu, mpaka mvuto huo ufike udongoni.

Basi, mzee wangu, mashine ya mti ni jua. Jua lile lile linalotukausha ndilo linalovuta kamba.

KAMBA IKIKATIKA

Kamba ikivutwa kupita kiasi hukatika, na ya maji ni vivyo hivyo. Udongo ukiwa na maji mengi, mti huvuta kwa wepesi. Udongo ukikauka, maji yaliyosalia hushikwa na chembe za udongo kwa nguvu, na mti hulazimika kuvuta zaidi na zaidi. Mwaka 1965 Per Scholander na wenzake walitangaza vipimo vya mvuto huo. Walikata kijiti, wakakitia katika chombo cha chuma kinachoacha ncha iliyokatwa nje, wakashindilia hewa mpaka maji yakatokeza kwenye ncha. Nguvu iliyohitajika kuyarudisha maji ndiyo iliyokuwa ikiyavuta. Katika miti ya nchi kavu mvuto huo huweza kuzidi mara 20 ya nguvu ya hewa inayotuzunguka. Mpira wa gari dogo hujazwa upepo wa kiasi cha mara mbili tu.

Mvuto ukizidi uwezo wa mti, hewa hupenya ndani ya mrija na kufanya povu. Hapo kamba hukatika katika mrija huo, nao haupitishi maji tena. Mwaka 1966 watafiti wawili, Milburn na Johnson, walitega chombo cha kusikilizia kwenye jani la mbarika lililokuwa likinyauka, wakasikia milio midogo midogo. Kila mlio ulikuwa ni kamba ya maji inayokatika. Mti wenye kiu hulia, ila masikio yetu hayausikii.

Mrija mmoja ukikatika si msiba, kwa kuwa kuta za mirija huizuia hewa isienee upesi, na maji hupita kwa jirani. Lakini ikikatika mingi, iliyobaki huvutwa zaidi, nayo hukatika. Ndipo tawi hukauka kutoka nchani, kisha jingine, mwisho mti wote.

Je, mti hauwezi kufunga stomata ili maji yasitoke? Waweza, na hufanya hivyo. Kila tundu lina seli mbili za ulinzi kama midomo miwili. Zikijaa maji hufunguka, zikipungukiwa hufunga. Lakini hapa pana shida kubwa. Tundu hilo hilo ndilo linaloingiza hewa ya kaboni ambayo mti huitumia kutengeneza chakula kwa nguvu ya jua. Ukifungua mlango, maji hutoka. Ukifunga, chakula hakipikwi. Zaidi ya sehemu 90 katika kila 100 za maji yanayoingia mizizini hutoka tena kama mvuke. Hiyo ndiyo bei ya chakula cha mti. Kwa hiyo katika kiangazi kirefu mti huwa kati ya vifo viwili: kufungua ufe kwa kiu, au kufunga ufe kwa njaa.

Tusidhani kuwa hatari hii ni ya nchi kavu peke yake. Mwaka 2012 kundi la wataalamu kutoka nchi mbalimbali lilitangaza hesabu ya aina 226 za miti kutoka mahali 81 duniani, penye mvua nyingi na penye mvua haba. Waliona kuwa aina 7 katika kila 10 huishi karibu sana na mpaka wa kukatika kwa kamba. Mti wa msituni umezoea maji mengi na hutumia mengi. Mti wa nyikani umezoea machache na hutumia machache. Wote wawili hawana akiba kubwa ya usalama. Kiangazi kikizidi kile ambacho mti umekizoea, hufa popote ulipo.

AKILI ZA MITI YETU

Miti ya nyika imepata njia mbalimbali za kuishi kati ya vifo hivyo viwili. Nitaitaja ile mnayoweza kuiona wenyewe, au kuifikia kwa safari ya basi.

Mbuyu hufunga duka. Mvua ikiisha hupukutisha majani yote, na pasipo na majani hapana pa kutokea mvuke mwingi. Ubao wake ni laini na umejaa maji. Watu wengi husema kuwa mbuyu hunywa maji hayo kiangazi kizima kama ngamia. Utafiti uliofanywa Madagaska na kutangazwa mwaka 2006 umeonyesha kuwa si hivyo kabisa. Mbuyu hutumia sehemu ya akiba hiyo kuchipua majani mapya kabla mvua haijanyesha, lakini hautumii ovyo kuendesha majani siku zote, kwa sababu maji hayo pia ndiyo yanayousaidia mwili wake laini kusimama. Nyumba yake imejengwa kwa maji. Akinywa sana ataiangusha.

Mgunga ule wenye kichwa kipana kama mwavuli hufuata maji chini. Mizizi yake hushuka mbali, na majani yake ni madogo mno, hivyo upepo huyapoza upesi. Tena una wema. Mwaka 2003 watafiti waliofanya kazi kaskazini mwa Tanzania walitangaza kuwa usiku, stomata zikiwa zimefungwa, mizizi ya mgunga huo hupandisha maji kutoka udongo wa chini na kuyaacha mengine katika udongo mkavu wa juu. Maji hufuata mvuto, na usiku penye ukavu zaidi si majanini tena bali ni udongo wa juu.

Kuna mgunga mwingine, Faidherbia albida, uliopanga mwaka wake kinyume cha jirani zake. Huvaa majani wakati wa kiangazi na kuyavua wakati wa mvua. Mizizi yake hufika kwenye maji ya chini, basi haungoji mawingu. Mkulima akiuacha shambani hauyanyimi mazao jua wakati wa mvua, na majani yake hurutubisha udongo.

Ukienda magharibi mpaka Tabora, katika misitu ya miyombo, utaona mnamo Septemba na Oktoba miti ikivaa majani mapya mekundu kama kutu, na mvua haijaanguka hata tone. Miti hiyo hujitayarisha mapema, ili mvua ikianza ikute jikoni moto umekwisha kuwashwa.

Mnyaa, uliozungushia nyua zetu nyingi, umefanya ujanja mkubwa zaidi. Majani yake ni madogo sana na huanguka upesi. Kazi hufanywa na vijiti vyake vya kijani. Vijiti hivyo hufungua stomata usiku, hewa ikiwa baridi, vikaweka hewa ya kaboni akiba, kisha mchana hufunga mlango na kupika kwa akiba hiyo. Katani na nanasi hufanya vivyo hivyo.

Kwa kina cha mizizi, sifa zimeuendea mti mmoja wa jangwa la Kalahari, Boscia albitrunca. Mizizi yake ilikutwa kwenye kina cha mita 68 katika visima vilivyochimbwa huko. Ni kama kushusha chini ya ardhi ule mti wa Kilimanjaro tuliousema, ukakaribia kutoweka wote.

MICHE YETU

Sasa turudi uani kwetu, maana elimu isiyofika kwenye jembe ni mzigo wa kichwa tu.

Mche utokao kitaluni ni mtoto. Mizizi yake haizidi kina cha kiriba, lakini majani yake hutoa mvuke kama ya mti mwingine yeyote. Ukiupanda juani, huvutwa juu kwa nguvu na chini hauna pa kuchota. Hauna ghala la mbuyu wala mizizi ya mgunga. Kazi yetu katika kiangazi cha kwanza na cha pili ni kuupa muda wa kufuata maji chini. Kwa hiyo nashauri haya.

Kwanza, tupande mvua za Desemba zikishaushika udongo, si Machi. Mche uliopandwa mapema hupata miezi minne ya kushusha mizizi. Wa Machi hupata majuma machache.

Pili, tuchimbe shimo la sentimita 60 kwa 60, kwenda chini sentimita 60, na kulijaza udongo uliolainishwa. Mzizi mchanga hauvunji ardhi ngumu kama saruji. Kiriba kichanwe na kuondolewa, wala tusiuvute mche kwa shina.

Tatu, na hili ndilo kubwa, tumwagilie kwa kina. Katika majuma ya kwanza baada ya kupanda, mvua ikikosekana, mche unahitaji maji mara kwa mara. Lakini ukishashika, lita 3 kila jioni hulowesha udongo wa juu tu, na kesho jua huzichukua. Mizizi hufuata maji. Nayo ikiyapata juu hubaki juu, mahali panapokauka kwanza. Lita 3 kwa siku 7 ni lita 21, yaani debe na kidogo. Debe hilo hilo likimiminwa polepole siku moja kwa juma, ndani ya beseni la udongo lililozunguka mche, huzama chini na kuiita mizizi iyafuate. Maji ni yale yale, na kazi ya kubeba imepungua.

Nne, tufunike udongo kwa nyasi kavu unene wa kiganja, bila kuzigusisha shina. Tung'oe magugu yaliyo karibu, kwa kuwa nayo yana stomata na hunywa kutoka chungu kimoja na mche. Mwenye mtungi wa udongo usiopakwa rangi aweza kuufukia kando ya mche na kuujaza maji. Yatapenya taratibu mpaka mizizini.

Tano, tulinde majani na ganda. Mbuzi akila majani amekula jiko. Na ganda, mmekwisha kuona, ni njia ya chakula. Waya wa kuanikia nguo uliofungwa kwenye mti nyuma ya bweni hukaza kadiri mti unavyonenepa, mwisho hufanya kazi ile ile ya panga la mchunaji. Tufungue nyaya hizo muhula huu, na kamba zifungwe kwenye nguzo. Nanyi wazazi mnaochukua ganda kwa dawa, chukueni kipande chembamba upande mmoja, mwache ganda zima pande nyingine. Mti utaishi, na mwaka ujao mtapata dawa tena.

MAJARIBIO NA MASWALI

Nimeandika haya ili mjaribu, si mniamini tu. Chukueni mchicha mchanga, mkate shina lake ndani ya maji, mlisimamishe katika maji yenye wino mwekundu kwa saa chache. Mkilikata kwa wembe mtaiona mirija ya zailemu ikiwa na rangi. Kisha fungeni mfuko wa plastiki usiopitisha hewa kwenye tawi la mwarobaini lenye majani, na mwingine kwenye tawi lililoondolewa majani, saa 3 asubuhi. Mfungue saa 9 alasiri mkapime maji yaliyomo katika kila mfuko.

Kisha mjibu maswali haya:

1. Kwa nini mche uliohamishwa hufaidika ukipunguzwa majani kidogo siku ya kupandwa?

2. Kwa nini yafaa kukata shina la maua ndani ya maji kabla ya kuyatia katika chombo?

3. Mti uliochunwa ganda kwa mzunguko mwezi Mei ulikuwa na majani mabichi mpaka Julai, ukafa Oktoba. Eleza kilichotokea kila mwezi, juu na chini ya ardhi.

4. Mkulima ana madebe 4 ya maji kwa juma na miche 12. Je, aimwagilie yote kidogo kidogo kila siku, au vipi? Toa sababu.

Majibu ya swali la nne nayangoja zaidi kuliko mengine yote, kwa kuwa miche 12 ndiyo iliyobaki hai nyuma ya maabara, na madebe 4 ndiyo tunayoweza kuyapata kwa juma mpaka mvua zirudi. Jibu litakaloonekana bora ndilo tutakalolifuata. Leteni karatasi zenu maabara kabla ya Ijumaa ya juma lijalo.